Mtamba wa Elijah Hakutaka Kuingia

Elijah wa Okari hununua vyuma vikuukuu pale Kosele, mabati na sufuria zilizotoboka, lakini ukimsikia akijitaja utadhani alishuka mbinguni na ngazi yake. "Mimi ni wa nyumba ya mtemi," anasema, na mikono imejaa kutu. Ni kweli, na hiyo ndiyo shida. Sisi Wasirombe tulikuwa na mtemi zamani, kabla mpaka wa Tanzania haujachorwa. Leo ufalme umebaki kigoda kimoja kilicholiwa na mchwa, na watu kama Elijah.

Mama yake alimlea kwa uji wa mtama na sifa. Shule aliacha kwa sababu mwalimu alimwambia afagie. Akaenda Osiri kuchimba dhahabu, akarudi na kikohozi na miwani nyeusi. Na hiyo miwani ndiyo aliyovaa alipomwona mjukuu wangu Damaris akiuza dagaa wa omena Homa Bay. Msichana niliyedhani ana akili akampenda.

Nikasema sawa. Lakini wa nyumba ya mtemi akioa huleta mtamba aliyemlisha mwenyewe, akimlambisha chumvi kiganjani mpaka amfuate popote. Siku ya mahari mtamba huingia boma la kina mke kwa miguu yake, nyuma ya bwana harusi. Akivutwa kwa kamba, basi hata bibi harusi amevutwa, na hakuna ndoa. Watu wengine hawadaiwi hiyo. Ni nyumba ya mtemi tu, maana wao ndio wamezoea kuvuta watu.

Elijah akaapa kwamba anamlisha. Kumbe alimwachia mchunga ng'ombe, yeye anakuja Jumapili kumpiga picha kwa simu.

Siku ikafika. Wamekuja na spika, na Elijah ndani ya suti ya rangi ya embe bivu. Mtamba amevalishwa utepe, mrembo kuliko bwana harusi. Elijah akamimina chumvi kiganjani, akapita lango. Mtamba akasimama nje, akamtazama kama mtu anayetazama mwomba kura. Akakojoa.

"Njoo, mama, njoo basi," Elijah akabembeleza.

"Hakujui huyo," nikamwambia. "Mwonyeshe kitambulisho."

Wanawake wakacheka mpaka dada yangu Bosibori akatafuta mahali pa kukaa. Nicodemus, mjomba wa Elijah, akaninong'oneza, "Mkwe, tuweke kamba kidogo tu, hapa langoni. Nani ataona?"

"Mtamba ataona. Na mimi."

Damaris akanishika mkono, poda imechanganyika na machozi. "Dani, nyanya yangu, nampenda. Utaniharibia kwa sababu ya ng'ombe?"

"Aliyeshindwa kukaa na ng'ombe ndiye atakaa na wewe?"

Wageni wakala, kula hawakushindwa, wakaondoka na spika yao. Nilidhani Elijah atapanda gari pamoja nao. Akavua koti, akaketi langoni, palepale penye mkojo, kiganja wazi mbele ya mtamba.

Kesho yake yuko. Mvua ikamnyea, yuko. Kule Kosele duka limefungwa, hapa yeye anamkatia mtamba majani na kumtekea maji, na usiku analala kwa jirani. Wapita njia wanamwita, "Mtemi, ufalme unaendeleaje?" Mwanzo alijibu kwa majigambo. Baadaye akanyamaza, na ukimya ulimfaa kuliko suti. Damaris alimpelekea ugali. Nilijifanya kipofu.

Asubuhi moja napepeta mtama, nikamwona anaingia, hageuki nyuma, mkono mmoja ameuacha mgongoni. Mtamba anamfuata, anaulamba. Hakuna kamba. Damaris akapiga kigelegele peke yake, kibaya, kama bawaba ya mlango. Mila haisemi mtu asichelewe, kwa hiyo sikuwa na pa kushika.

"Dani, nimefika," akasema, kifua kimeanza kutuna tena.

"Umefika unanuka. Na ng'ombe wako anakula sukuma wiki yangu."

"Ni wako sasa, Dani."

Ni kweli. Nikaenda mwenyewe kumfukuza ng'ombe wangu.