Nyumba Isiyo na Mkwe

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, mwanamke asiye na mume mjini Kisumu alitarajiwa kupanga chumba kimoja, ajifungie humo na kusali. Sisi watatu, mimi mwalimu, fundi cherehani na muuguzi, tukapanga nyumba nzima Kondele. Jiko moja, sufuria moja, kupika kwa zamu.

Mtaa ukacheka. Shemeji yangu, mume wa dada, aliishi jirani na alicheka kuwashinda wote. Alisema nyumba bila mwanamume ni banda la kuku lisilo na jogoo. Nikamjibu kwamba jogoo wa kwake huwika kutwa na hana lingine afanyalo. Dada alininunia wiki nzima, nadhani kwa sababu alitamani kucheka.

Hatukuwa malaika. Ugali wa muuguzi ungeweza kunywewa kwa kikombe, na fundi alificha vichwa vya samaki. Lakini niliipenda nyumba ile kuliko mwanamume yeyote, na nilikuwa nimejaribu wawili.

Habari zikamfikia mama yangu kijijini Kombewa. Akatuma neno kwamba anakuja kunitoa. Nikaogopa kwelikweli, maana mama yangu hakuwahi kushindwa hata na chifu.

Alifika Jumamosi na gauni lake la kanisani, akaketi kwa dada. Shemeji alikaa nje kwa adabu, na kupitia dada wakakubaliana kwamba jioni hiyo ningeondoka na mama. Kisha mvua ya ziwani ikashuka na gari la mwisho la Kombewa halikuja. Hapo ndipo walipokumbuka kwamba kwa mila zetu mama halali chini ya paa la mkwewe. Chai atakunywa, mawaidha atatoa, lakini kitanda, hapana.

Wakaja mlangoni kwetu, mama chini ya mwavuli, shemeji akiloa mbele kwa heshima.

"Shem, Mama atalala hapa," akasema.

"Kwa banda la kuku?"

Akaangalia viatu vyake. Mama akauliza, "Hii nyumba iko na bwana?"

"Haina, Mama."

"Basi haina mkwe." Akavua viatu, akaingia.

Alionja ugali wa muuguzi na kuanzia hapo jiko likawa lake. Muuguzi naye aliona macho ya mama yana ukungu, akampeleka akatibiwe, na mama akakaa kwetu hadi bendeji ilipotolewa. Habari zikaenea. Mama za watu wakaanza kuja kulala kwetu, wa Seme, wa Pap Onditi, kila mmoja na kuku wake kwapani, na wakwe zao wa Kondele wakaanza kutuamkia kwa adabu.

Siku mama alipoondoka, nilikumbuka alichojia. Nikafunga virago, nikatoka nimenuna, machozi yakinilengalenga. Akalitazama begi langu kwa macho yake mapya.

"Unaenda wapi?"

"Si ulikuja kunitoa?"

"Ukitoka," akasema, "mimi nikija nitalala wapi?"