Waya Nilioushonea Gauni

Nilipohamia mtaa wa Berea, huku ugenini, kitu cha kwanza kuninyima raha chumbani kilikuwa waya. Ulitoka kwenye soketi ya jikoni, ukapenya tundu la ukuta wa mbao nyembamba unaoigawa sebule vyumba viwili, ukaishia kando ya kitanda changu. Katikati, mpangaji aliyenitangulia alikuwa ameuunga kwa kusokota nyuzi na kuzizungushia selotepu ya kufungia zawadi, ile yenye maua. Mtu mwingine angeona moto. Mimi niliona maua yasiyolingana na pazia.

Mimi ni fundi cherehani niliyejifunza kwa video za simu, na kila siku naogopa kugunduliwa. Mshono wangu hufumuliwa mara tatu kabla mteja hajauona. Basi nikaushonea waya gauni: kitambaa cha bluu, sponji kwa ndani, vifungo vinne nilivyovipima kwa rula. Nikaupiga picha, nikamtumia dada yangu Tanga. Akajibu, "Waya umevaa vizuri kuliko wewe."

Baridi ilipoingia nikanunua hita, nikaichomeka kwenye waya ule, na kila asubuhi nikawa nasikia harufu ya kuungua. Wa kulaumiwa nilimpata upesi: mama wa Lubumbashi anayelala upande wa pili wa zile mbao, mlinzi wa jengo la ofisi mtaa wa Marshalltown, aliyepiga pasi sare yake kila alfajiri. Kumwambia usoni niliona aibu. Nikachapisha tangazo la rangi, nikalibandika jikoni: "Tafadhali, pasi isiunguze nguo." Nilirudi mara mbili kulinyoosha, lilikuwa limeinama kidogo.

Siku ya nne nikamkuta anavua viatu, uso umemshuka.

"Shikamoo, mama. Pole na kazi."

"Marahaba. Leo bosi amenipa barua ya onyo. Eti sare yangu ina mikunjo kama tambara. Mara moja tena, kazi imekwisha."

"Kwani hupigi pasi?"

"Si weye ulinikataza na karatasi yako ya rangi, ma fille, binti yangu? Siku nne sijaigusa."

Siku nne. Na asubuhi ile ile harufu ilikuwepo.

Nilichomoa plagi jikoni, nikakimbilia chumbani. Hata hapo, nakiri, vifungo nilivifungua kimoja kimoja nisichane vitundu. Sponji ilikuwa imeyeyuka ikagandamana na shaba, maua yamekuwa masizi, na ubao wa nyuma yake umekuwa mweusi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kulibandua tangazo kimyakimya. La pili lilikuwa kwamba kitambaa kile sitakipata tena. Kazi ya mama ilikuja ya tatu, lakini ilikuja. Nikambebea gauni.

"Mama, si pasi yako. Ni mimi."

Akalinusa. "Uliona waya umefungwa na selotepu ya zawadi?"

"Niliona."

"Ukauvalisha nguo."

"Ndiyo."

"Na vifungo?"

"Vinne."

Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akaingia chumbani kwake, akaweka kiganja kwenye ubao, palipokuwa bado na joto, juu ya mto wake. Kicheko kikaisha.

"Kichwa changu kinalala hapa," alisema.

Niliuhamishia mto wake upande wa pili wa kitanda, naye akaendelea:

"Kesho tutakwenda wote. Utamwambia bosi hivi hivi. Vifungo usisahau."

Mwenye nyumba, baada ya kutumiwa picha, aliahidi fundi umeme wa kweli. Mimi niliibeba sare ghorofa ya chini kwa jirani, nikaipiga pasi mara mbili, ya pili bila sababu. Asubuhi nikasimama mapokezi Marshalltown na gauni lililoungua ndani ya mfuko wa plastiki, nikijigundua mwenyewe mbele ya watu. Nilieleza yote, kwa sababu sijui kufupisha.

Bosi alitazama gauni, akatazama mistari ya pasi kwenye sare, iliyonyooka kama rula, akaichana barua.

"Eish," alisema. "Chumba kinanuka moto, na wewe unafungua vifungo?"

Mama akanijibia: "Kimoja kimoja."