Saa ya Ziada ya Bi Changanya

Kila asubuhi, kabla hajasema neno, mwalimu wa darasa la kwanza humwaga kopo la vifuniko vya chupa juu ya meza. Ni kopo la rangi la lita nne, lililosuguliwa mpaka likaisha harufu, na vifuniko vyake vinapita mia tatu. Kila kimoja kimeandikwa silabi moja kwa wino mweusi: ma, ka, ti, lo, pu. Huvivuruga kwa viganja viwili kama anayekanda unga, kisha huita mtoto mmoja achukue vitatu, avipange, asome alichopata. Mara nyingi kinachopatikana si neno. Kuna mtoto aliyewahi kusoma "lo-ka-pu," akauliza huyo ni mnyama gani.

"Ni mnyama asiyekuwepo," mwalimu alimjibu. "Lakini umemsoma. Kaa chini."

Ndiyo maana watoto wanamwita Bi Changanya, na siku hizi hata mfagizi anamwita hivyo. Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na minane kati ya hiyo ameimaliza akiwa amesimama mbele ya ubao. Ni mwanamke mfupi, mwenye chaki kwenye nyusi. Watu wasiomjua humwona mpole, kwa kuwa akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. Wanaomjua, wakisikia imeshuka, hutafuta kazi ya kufanya upande wa pili wa shule.

Zamani hakuwa akichanganya chochote. Alikuwa na chati moja iliyobandikwa ukutani na fimbo ya kuonyeshea, na darasa lake liliimba kuanzia juu kushuka chini, ba be bi bo bu, mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Kila mwaka darasa hilo lilitajwa kuwa bora. Kisha, miaka minne iliyopita, fundi cherehani mmoja alimleta kifungua mimba wake kuandikishwa shule. Alikuwa mwanamke kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Mwalimu, umenisahau? Ulinipa zawadi ya kusoma, darasa la kwanza."

Bi Changanya alimkumbuka, akafurahi, akamsogezea fomu. Fundi aliiangalia kidogo, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Nijazie wewe, Mwalimu. Nimesahau miwani."

Hakuwa na miwani. Hajawahi kuwa nayo. Bi Changanya aliijaza fomu ile, akamwongoza mahali pa kuweka dole gumba, akamsindikiza mpaka mlangoni. Wakiwa pale kizingitini fundi alicheka, akasema bado anakikumbuka kile kitabu chao, akaanza kukighani ukurasa mzima bila kukosea hata nukta. Jioni hiyo mwalimu aliibandua chati ukutani. Karatasi ilichanika, naye akaendelea kuvuta.

Tangu hapo amekuwa na neno moja tu la kuwaambia wanaomwuliza. Silabi zikikaa mahali pamoja siku mbili, mtoto hujifunza mahali.

Mwaka huu fundi huyo alimleta mwanawe wa pili, msichana mwembamba ambaye mtaa mzima unamwita Sindano. Bi Changanya alimpokea kama mtu anayeanza kulipa deni ambalo mdai mwenyewe halijui. Kufikia katikati ya mwaka Sindano aliweza kusoma maneno matano. Neno "paka" lilimchukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu viwili, lakini alilisoma kwa macho yake.

Ndipo akaja mwalimu mkuu mpya.

Alikuwa mwalimu wa muziki kabla ya cheo, mtu mcheshi, nadhifu, anayependwa na wazazi. Katika wiki yake ya pili ilifika barua: mkaguzi wa ofisi ya elimu angekuja baada ya wiki tatu kuangalia usomaji wa darasa la kwanza. Pamoja na barua kulikuwa na fomu ya majina yenye safu mbili, "anasoma" na "bado," ya kusainiwa na mwalimu wa darasa. Shule yenye watoto kumi au zaidi kwenye safu ya "bado" ingepewa saa moja ya ziada kila alasiri mpaka mwisho wa mwaka, ya kufundisha kusoma tu. Isiyokuwa nao isingepewa hata dakika.

Bi Changanya aliisoma barua hiyo mara mbili. Saa moja kila alasiri. Alikuwa ameiomba kwa miaka minne.

"Nina watoto ishirini na tisa wa kuandika hapo," alimwambia mwalimu mkuu.

"Ishirini na tisa kati ya arobaini na sita?" Mwalimu mkuu aliinuka akafunga mlango wa ofisi. "Dada yangu, unataka nianze kazi kwa msiba? Tutaandika wote wanasoma."

"Hawasomi."

"Watasoma. Nipe nusu saa kila siku baada ya mapumziko, na ukurasa mmoja. Mgeni hakai siku mbili. Funika kombe, apite."

"Mgeni atapita. Watoto watabaki."

"Watabaki kwako mpaka mwisho wa mwaka. Wakiingia la pili si shida yako tena, kwa nini uumie?"

Hapo sauti ya Bi Changanya ilishuka. Alisema kitu ambacho mwalimu mkuu hakukisikia vizuri, na hakuomba kirudiwe.

Kazi ilianza kesho yake. Mwalimu mkuu aliingia na rula, akapiga mapigo kwenye ukingo wa meza, na watoto wakajifunza ukurasa wa kumi na mbili. *Paka amepanda paa. Baba anamwita paka. Paka hataki kushuka.* Iliendelea hivyo kwa mistari tisa mpaka ukurasa wa kumi na tatu. Aliwafundisha pia wapi pa kugeuza karatasi, na jinsi ya kuburuta kidole chini ya mstari. Watoto walimpenda mno. Nani asiyependa rula ikipigwa mezani badala ya viganjani? Walighani chooni, wakaghani kwenye foleni ya maji, na ukimwuliza mtoto yeyote anaendeleaje, alikujibu kwamba paka hataki kushuka.

Siku ya nane Bi Changanya alimwita Sindano mezani, akafungua ukurasa uleule, akaweka kidole kwenye neno "paa."

"Hapa pameandikwa nini?"

Sindano hakukiangalia kidole. Alitazama dari, akaanza kutoka juu kabisa, "Paka amepanda," akalifikia, "paa!" Alikuwa kama mtu asiyejua nyumba ya shangazi yake mpaka aanzie stendi ya basi.

"Na hapa?" Kidole kiliruka mistari minne.

Mtoto akarudi stendi.

Mwalimu alimpa vifuniko viwili vilivyosomeka "paka," neno lake mwenyewe la mwezi uliopita. Sindano alivitazama, akachoka upesi, akasukuma mkono wa mwalimu.

"Hivi ni vya watoto wasiojua. Mwalimu mkuu amesema mimi ndiye nitakayesimama mbele."

Siku hiyo Bi Changanya hakula chakula cha mchana. Alikaa darasani peke yake, mikono juu ya meza, akihesabu pumzi zake. Angekuwa mwizi wa kalamu angemshitaki. Lakini mwizi huyu alikuwa akiingia mchana kweupe, anapigiwa makofi, na kila siku anaondoka na neno moja kutoka kichwani mwa mtoto.

Mkaguzi alifika siku ya Alhamisi. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye mkoba mzito na viatu vya kutembelea. Wazazi walialikwa, wakabanwa kwenye mabenchi nyuma ya darasa. Fundi cherehani alikaa karibu na dirisha, amevaa gauni aliloshona kwa ajili ya siku hiyo.

Sindano alisimama, akashika kitabu kama kinanda. Alisoma bila kukwama. Kidole kiliburutwa vizuri, karatasi ikageuzwa mahali pake, na kwenye "hataki kushuka" akatikisa kichwa kama paka mkaidi mwenyewe. Wazazi walicheka, wakapiga makofi. Mama yake alipiga mpaka bangili zikagongana.

"Na huyu ni mmoja tu, mheshimiwa," alisema mwalimu mkuu. "Wote arobaini na sita wako hivi. Mwalimu wa darasa atathibitisha."

Akampa Bi Changanya fomu na kalamu mbele ya watu. Safu ya "anasoma" ilikwisha kujazwa alama ndogo za vema, kwa mkono wa mwalimu mkuu, kutoka juu hadi chini. Ilibaki saini.

Bi Changanya aliitazama fomu, kisha akamtazama mtoto. Ingetosha kumfungulia Sindano ukurasa wa kumi na nne na kumwambia asome. Mgeni angeelewa papo hapo, na darasa zima, na mama yake. Mtoto angebaki amesimama pale, mdomo wazi, mbele ya gauni jipya. Mwalimu mkuu alilijua hilo. Alikuwa amejificha nyuma ya mtoto wa miaka sita, na alikuwa akitabasamu.

Bi Changanya aliiweka kalamu mezani.

"Watoto," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "fungeni vitabu. Wekeni mikono juu ya jalada. Vimefungwa vyote? Haya. Someni."

Walitazamana. Hawakuwahi kuambiwa hivyo, lakini haukuwa mtihani mgumu. Sindano alianza, na wenzake wote wakadaka. Walisoma vizuri kuliko mwanzo, kwa sababu sasa hapakuwa na kitabu cha kuwapunguza mwendo. Mtoto wa dawati la mbele alifumba macho na kuburuta kidole juu ya jalada, mstari kwa mstari, kwa uaminifu mkubwa. Mwingine, penye kugeuza karatasi, aligeuza hewa. Walipomaliza walijipigia makofi wenyewe.

Nyuma mzazi mmoja alicheka, akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Huo ni ukurasa wa ngapi?" aliuliza mkaguzi.

"Wa kumi na mbili!" darasa lilijibu. Hata hilo walikuwa wamelikariri.

Mkaguzi alitoa fomu nyingine mkobani, ikiwa tupu. "Mwalimu wa darasa aijaze mwenyewe," alisema. "Sina haraka."

Bi Changanya aliijaza palepale, jina kwa jina. Alipofika kwa Sindano aliandika "bado" bila kuinua macho, ingawa alijua nani yuko dirishani. Kumi na saba wanasoma. Ishirini na tisa bado. Mkaguzi aliihesabu safu ya pili, akawatangazia wazazi kwamba saa ya ziada itaanza Jumatatu.

Mkaguzi alipoondoka, mwalimu mkuu alimngoja ukumbini. Ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Umenivua nguo mbele ya wageni."

"Ulikuwa umevaa watoto wangu. Nimewachukua."

"Mwaka ujao darasa la kwanza hulioni. Nitakupeleka la saba, ukafundishe kilimo."

"Sawa. Mwaka ujao nitalima," Bi Changanya alisema. "Saa yangu inaanza Jumatatu."

Kazi ngumu zaidi ilikuwa langoni. Fundi cherehani alikuwa amesimama katikati ya njia, kamshika Sindano mkono.

"Umemwandika wapi mwanangu?"

"Bado."

"Bado nini? Amesoma mbele ya watu wote! Kila mtu amemsikia! Au mwanangu kakukosea nini?"

"Amesoma kama ulivyosoma wewe."

Fundi alimwachia mtoto mkono na kumwambia akacheze, naye Sindano akaenda hatua tatu, akasimama kusikiliza.

"Kumbe ulijua," fundi alisema. "Siku ile ya miwani. Ulijua, ukanijazia fomu, ukanichekea."

"Nilijua."

"Miaka minne unanisalimia sokoni, unajua." Sauti yake ilianza kupanda. "Wateja wananiletea vipimo kwenye karatasi, nawadanganya karatasi imelowa. Nimeshona suruali ya bwana harusi fupi kama ya mtoto! Leo umepata ushujaa wa kufunga vitabu. Mimi nilipokuwa hapo mbele, mbona hukuniambia nifunge changu?"

Bi Changanya alikuwa na majibu mengi. Kwamba alikuwa kijana, kwamba chuoni walifundishwa hivyo, kwamba watoto walikuwa sabini chumba kimoja.

"Nilipenda makofi," alisema.

Fundi hakusema amesamehe, na mwalimu hakuomba. "Jumatatu saa ngapi?" aliuliza hatimaye, kwa ukali uleule.

"Saa nane."

"Atakuja. Na mimi nitakaa pale nyuma nikuone unavyofundisha, safari hii."

Jumatatu watoto ishirini na tisa walikaa madawati ya mbele. Fundi alikaa benchi la nyuma, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki. Sindano alikaa pembeni kabisa, amegeuza uso ukutani. Alikuwa amevuliwa ufalme wake, na hakukusudia kusahau.

Bi Changanya aliandika ubaoni maneno mawili ambayo hayakuwa katika kitabu chochote.

"Sindano."

"Sitaki. Mimi najua kusoma."

"Basi soma hapo."

Mtoto aligeuka kwa hasira. Alitazama dari kwanza, lakini darini hapakuwa na kitu. Akatazama ubao. Nyuma, mama yake alisogea ukingoni mwa benchi.

"Si," alisema Sindano. "Si... nda... no." Alikunja uso, kwa kuwa lilikuwa jina lake. "A... me... a-me-nu..." Alirudi nyuma, akaanza upya, midomo ikitembea. "A-me-nu-na."

Akayatazama tena maneno yote mawili ubaoni. Kisha uso wote ukamwiva.

"Sijanuna!" alifoka. "Nani kakwambia nimenuna? Futa!"

Bi Changanya alichukua kifutio, akafuta. Kisha akaandika sentensi nyingine.