Mchunga wa Mejumaa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufagia ofisi za bandarini, Mejumaa humwagilia mitungi kumi na miwili ya plastiki aliyoikata na kuipanga uani, katika nyumba alikopanga chumba, Majengo. Ina nyanya, bamia na mchunga, ile mboga chungu ya kwao Kaloleni. Wasomi wenzangu husema katika kisiwa chetu hiki cha bandari hakuna pa kulima. Waje waone!

Novemba hii, joto lilipoanza, mwenye nyumba, Bwana Shee, alimjia juu.

“Nyanya baki nazo. Haya magugu nayatupa leo.”

“Si magugu, baba. Ni mchunga, ndiyo roho yangu.”

“Mboga gani hata mbuzi haigusi?” Akainua mtungi.

Mamake, Bi Mgeni, akatokeza kichwa dirishani. “We Shee! Jana ulilamba sahani ukaniuliza ni mboga gani hii ya tui. Ulidhani nimeitoa wapi?”

“Kumbe mama unaiba?”

“Nachuma tu, mwanangu. Mejumaa, niwie radhi.”

Mejumaa alicheka hadi akashika ukuta. “Chuma, bibi. Hata hodi usipige.”

Bwana Shee akauteremsha mtungi taratibu, akautafutia kivuli.