Tulivyouza maksai tukanunua mtumbwi mkavu Lamadi

Mwadila wakuu.

Haya ninayoyaleta niliyaona kwa macho yangu, na macho yangu hayajaharibika, miguu ndiyo imeharibika. Mnivumilie, naandika kwa kidole kimoja.

Kwanza mjue tuliokuwepo. Nilikuwepo mimi Nkwimba, bibi wa Nkoma, huku Itilima. Alikuwepo Maduhu, kitindamimba wangu, mwenye safari yake. Alikuwepo Jilala, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye kwetu hakuna ng'ombe anayenunuliwa bila yeye kumwangalia meno. Muuzaji ni Hamisi, mwenye duka la nyavu pale Lamadi. Na fundi wa mitumbwi, Sospeter, aliyekuja mwishoni kama wajavyo mafundi wote.

Maksai nao niwataje: Tajiri na Kahawa. Hawakuwepo, walikuwa wameshauzwa. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Maduhu alisema pamba imemchosha. Rafiki yake alikwenda ziwani akarudi na pikipiki, basi na yeye akawa mvuvi kuanzia siku hiyo, hapo hajawahi kupanda hata mtumbwi. Akaniahidi mvua zikianza atakuwa ameleta hela ya kulimisha. Asipoleta, plau ipo lakini wa kuivuta hawapo, nalima kwa jembe la mkono. Mimi, na nyonga hizi.

Nikakubali. Mama ni mama.

Bajeti yetu ilikuwa hao maksai wawili. Injini tuliitoa kwenye mazungumzo mapema, tukasema makasia ni mazoezi.

Pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, Hamisi alituonyesha mitumbwi miwili ya bei yetu.

Wa kwanza ulikuwa majini, umeandikwa Vumilia. Mweusi, una viraka vya bati, na ndani una maji mpaka kifundo cha mguu. Kijana alikuwa anayachota kwa kidumu kilichokatwa, anamwaga, huku anapiga mluzi.

Wa pili ulikuwa juu mchangani, umelazwa kwenye magogo. Nyota Njema. Rangi ya bluu inang'aa. Ndani mkavu kabisa, na kuku ameatamia mayai.

Jilala akauzunguka ule wa bluu. Akaupiga ubavuni kwa kiganja, akainama kuutazama tumboni, akauliza aliuzaa nani, umewahi kuugua? Hamisi alijibu yote kwa uvumilivu wa mwenye duka.

Halafu akatuambia ukweli, simsingizii. Alisema huu wa majini umetoka kuvua leo, na huo wa juu haujagusa ziwa tangu mwenyewe ahame. Akasema tuutie majini kwanza, tuuone, ndipo tulipe.

Jilala akamtazama kama mtu anayeona anataka kuibiwa.

"Ukiulowesha, tutajuaje kama ulikuwa mkavu?"

Wakuu, sisi tuliona hilo ni jibu la mtu mzima. Na mimi nikaongeza kwamba ndoo inayovuja hainunuliwi. Jilala akamalizia kwamba kuku ana akili, hatagi penye maji.

Tukalipa. Kuku akahamishwa, hakufurahi.

Vijana wakausukuma ziwani. Maduhu akashika kasia, Jilala akaketi katikati, kofia kichwani, fimbo mkononi.

Maji hayakuja kwa fujo. Yalikuja kama watu wa msibani, mmoja mmoja, halafu wote. Kila ungio la mbao lilikuwa na mlango wake, ile rangi ndiyo iliyokuwa imeificha milango hiyo. Jilala hakuinuka. Nadhani aliona kuinuka ni kukiri.

Mama mmoja alikuwa anaanika dagaa pembeni, Nyamizi, jina nilimwuliza baadaye. Akamwita Jilala, "Mzee, mbona umeketi? Unasubiri ng'ombe waje kunywa?"

Mwalo wote ukacheka. Maduhu hakuutazama mtumbwi, alinitazama mimi. Na mimi niliona jembe.

Wakataka kuuvuta nchi kavu. Ndipo Sospeter akatokea, akasema wauache, tena watie mawe uzame kabisa.

Maduhu akamgeukia. "Baba, nimeuza maksai ninunue mtumbwi, halafu niuzamishe kwa mkono wangu?"

"Mbao zina kiu, mwanangu. Ziache zinywe, zivimbe, zishikane. Si mlitaka mkavu?"

Tukauzamisha. Mtu unaketi ufukweni unalinda mali iliyo chini ya maji. Tulilala kwa Hamisi, na mke wake alitulisha vizuri. Alikuwa anacheka akishafika jikoni, ni adabu hiyo.

Walipoutoa, mbao zilikuwa zimeshikana kweli, ila nyufa kadhaa zilibaki. Sospeter akataka pamba ya kuzibia. Dukani imeisha. Watu wa Simiyu, tumekosa pamba!

Wote wakageukia mto wangu, ambao husafiri nao kwa ajili ya nyonga. Pamba ya shamba langu mwenyewe.

Jilala akakohoa. "Shemeji, nyumbani si utajaza mwingine."

Sospeter akauchana, akasokota pamba na mafuta, akaishindilia kwa patasi na nyundo. Nilirudi Nkoma nimekalia kanga.

Mtumbwi unaelea, dagaa wanapatikana. Ndani una maji mpaka kifundo cha mguu, na Maduhu anayachota kwa kidumu kilichokatwa. Yaani tuliukataa Vumilia, tukautengeneza upya kwa shida.

Mvua zilipoanza alituma hela, nikawakodi maksai kwa mwenyewe aliyewanunua. Tajiri na Kahawa. Kahawa alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye zizi lake la zamani, tukamtoa kwa kumbembeleza. Shamba limelimwa.

Nilichojifunza: ukikuta mtumbwi una maji kidogo na mtu anayachota huku anapiga mluzi, huo ni mzima, uko kazini. Ukikuta una kuku, mwache aangue.

Sasa Jilala kila kikao, mpaka Lagangabilili, anafundisha watu kuchagua mtumbwi. Anasema yeye aliutaka Vumilia, sisi ndio tuliomshinda kwa wingi.

Kwa hiyo mliokuwepo mwaloni, hasa wewe Nyamizi kama upo humu, nisahihisheni. Nani alimsifu kuku? Na jina la mtu nikiwa nimelikosea, semeni. La mtumbwi siwezi kulikosea, mto wangu umo humo.