Parana Kwenye Uzio wa Merrylands

Jirani yangu wa Merrylands, huku ughaibuni, mzee wa miaka themanini kasoro, alichora mto Parana kwa chaki kwenye uzio unaotutenganisha. Uzio mzima, jamani! Ni kipindi kile cha korona tulichofungiwa majumbani. Ghala nililofanyia kazi kule Smithfield lilinipunguzia shifti, basi alasiri nikawa naanika nguo na kumsikiliza yeye.

"Huku ni Paraguai, mji wa Encarnación, nilikozaliwa," aliniambia. "Ng'ambo ni Ajentina, mji wa Posadas. Ndiko aliko dada yangu."

Dada huyo alikuwa mahututi. Mzee hakuweza kusafiri, na ndugu zake wa Encarnación, wanaoiona Posadas kwa macho, hawakuweza kuvuka kwa sababu daraja lilikuwa limefungwa. Alichoomba ni kimoja tu: dada yake asizikwe bila sauti ya mtu wa kwao.

Kusubiri kulimuuma, ndiyo maana alisimulia. Alifyonza chai yao chungu kwa mrija wa chuma kutoka kwenye kibuyu. Kwao kibuyu ni kimoja, kinazunguka mkono kwa mkono, lakini mwaka ule alikunywa peke yake, mimi nikiwa mbali na kikombe changu cha tangawizi. Shule aliishia darasa la sita, lakini historia alikuwa nayo kichwani mpaka nikamwonea wivu. Alieleza mapadri walivyowakusanya Waguarani, wenyeji wa kwao, vijijini na kujenga nao makanisa ya mawe mekundu. Wakaja wawindaji wa watumwa kutoka upande wa Wareno. Halafu wafalme wawili, wa Hispania na wa Ureno, wakabadilishana ardhi kwenye karatasi, na vijiji saba vya mashariki ya mto Uruguai vikaamriwa vihame. Waguarani wakagoma, wakashika silaha.

"Sasa mwishowe nani alishinda," nikauliza, "Mhispania au Mreno?"

Mzee alifuta mto kwa mkono wa shati, akaingia ndani. Siku tatu sikumwona.

Nilijichukia mpaka basi, maana Waguarani wenyewe sikuwataja. Mimi, Mmakonde wa Newala! Mjerumani na Mreno waliufanya mto Ruvuma mpaka, bibi yangu akabaki upande wetu na dada yake akabaki Msumbiji, na sijasikia mtu akimuuliza bibi nani alishinda. Mto ulipojaa asiweze kuvuka, alikuwa akishuka ukingoni kumwita dada yake kwa sauti, na haondoki mpaka aitikiwe.

Siku ya nne, asubuhi ya saa kumi na mbili, niligonga uzio. "Mzee, nisamehe. Niliuliza swali la kipumbavu."

Akatokea na simu mkononi, macho mekundu. "Amefariki. Wanamzika sasa hivi."

Kwao ilikuwa bado jioni ya jana. Kwenye simu niliwaona ndugu zake, barakoa usoni, wamesimama ukingoni Encarnación wakitazama Posadas.

"Mbona hawamwiti?" nikauliza.

"Wamwiteje? Maji yote yale!"

Nikamweleza habari za bibi. Alinisikiliza, akafikiri, akaiegemeza simu juu ya uzio. Halafu akamwita dada yake kwa Kiguarani, kwa sauti ambayo sikujua kifua kile kinayo, hata mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Kule ukingoni wakashtuka. Kisha mmoja akaita kuelekea ng'ambo, na wa pili, na wote wakaita. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mzee asubuhi ile, na pajama zake zilizochanika goti.

Walipochoka, wakanyamaza. Mzee akabaki kauinua uso, anasubiri. Kosa ni langu, maana nilimwambia kwamba bibi alikuwa haondoki mpaka aitikiwe.

Basi nikaitika mimi, kwa sauti yangu yote: "Abee, kaka!"

Mzee akashika uzio kwa mikono miwili, akalia.