Gitaa Lililopangiwa Mkono wa Marehemu

Mtaani kwetu wanamwita Rithim, kwa sababu ndilo gitaa alilopiga ujana wake wote, katika bendi ambayo wenzake wote wameshatangulia. Siku hizi ni fundi wa magitaa. Chumba chake kiko nyuma ya duka la muuza simu: meza moja, dirisha lenye nondo, harufu ya risasi ya kulehemu, na magitaa ya watu yaliyoning'inia ukutani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari aliyechelewa. Mkewe alifariki. Wanawe wako mbali, na humpigia simu wanapokumbuka.

Kila jioni, wateja wakishaondoka, huchukua gitaa lake mwenyewe na kupiga rithim peke yake. Asiyeujua muziki huo atadhani mzee amesahau wimbo, kwa maana rithim ni gitaa la kusindikiza: huzunguka palepale, hufungua nafasi, na solo, gitaa linaloongoza wimbo, huingia. Yeye huifungua nafasi ile, husubiri kidogo, kisha huzunguka tena.

"Mzee, huo wimbo unaanza lini?" muuza simu humpigia kelele kupitia ukuta.

"Ukinyamaza utausikia!"

"Nimenyamaza tangu mwaka jana!"

Aliyepaswa kuingia katika nafasi ile ni Solo, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alipomzika, alibaki na gitaa lake alitunze mpaka binti wa marehemu amalize masomo. Ni gitaa la umeme, la zamani, jekundu lililopauka mahali mkono wa Solo ulipokuwa ukiegemea. Rithim amelitunza kama mboni ya jicho. Mvua zikianza, mbao hunyonya unyevu na shingo hujipinda; naye hukikaza taratibu kile chuma kilicho ndani ya shingo, kidogo leo, kidogo kesho, hadi inyooke. Husafisha swichi na vitufe vya sauti ili visikwaruze. Hufuta vumbi chini ya pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, kwa brashi laini ya rangi.

Lakini yako mambo ambayo hakuthubutu kuyagusa. Solo alikuwa na mkono mzito. Alipiga nyuzi kama anayegonga mlango wa kiziwi. Kwa hiyo daraja linalobeba nyuzi liliinuliwa juu mno, ili zisigongane na freti, vile vyuma vyembamba vya shingoni. Zaidi ya hapo, uzi wa tatu aliubana kwa nguvu hata sauti ikapanda, na katika maisha yao yote ya bendi Rithim alikuwa akimlegezea uzi huo kidogo kabla ya onyesho, ili chini ya kidole kile utoe sauti iliyo sawa. Kwa mtu mwingine yeyote ulikuwa umekosewa. Hata baada ya mazishi aliendelea kuulegeza vivyo hivyo. Na nyuzi zenyewe ni zilezile za onyesho la mwisho. Mteja akimletea gitaa lenye nyuzi zenye kutu humkaripia bila haya. Hizi alizipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, akaziacha.

Ndipo alipokuja afisa wa utamaduni, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo, mzee wangu. Tunataka kulitundika gitaa la marehemu ukumbini, ndani ya kabati la kioo. Litabaki kama alivyoliacha, hata nyuzi zake. Hakuna atakayeligusa tena."

Ofisi hiyohiyo, Solo alipokuwa hai, ilimnyima ukumbi wa kufanyia mazoezi kwa kuwa bendi yake "haikuwa na hadhi". Nyimbo zake zilirushwa hewani bila jina lake kutajwa. Alipougua, hakuna kiatu kinachong'aa kilichokanyaga kizingiti chake. Huu ndio uungwana tunaofanyiwa: msanii hunyimwa pa kupigia akiwa na pumzi, kisha chombo chake hujengewa nyumba ya kioo mikono yake ikishaoza. Huko si kumheshimu mtu. Ni kuhakikisha kwamba hatasema tena.

Hata hivyo, neno moja lilimwingia Rithim: kama alivyoliacha. Alimjibu kwamba mwenye gitaa ni binti, na amri ni yake.

Binti alifika akiwa bado na sare ya uuguzi, maana alitoka zamu moja kwa moja. Siku zake za mapumziko hupiga na wenzake wawili. Alilipakata gitaa la baba yake, akapiga kidogo, akakunja uso.

"Baba mdogo, hili ni gitaa au kamba ya kuanikia nguo? Nyuzi ziko mbinguni huku!"

"Limepangwa hivyo."

"Na huu wa tatu umelegea."

"Haujalegea."

"Baba mdogo!" Akaupiga tena, ukalia vibaya. "Mimi si kiziwi."

Rithim aliutazama ukuta. "Unausubiri mkono wake," alisema.

Binti aliacha mzaha. "Mimi nataka kulipiga," alisema baadaye. "Ila kama huwezi kulipanga upya, sema tu. Nitampa yule afisa. Litakaa vilevile, na wewe utakwenda kulitazama. Sitakulazimisha."

Muuza simu alikohoa upande wa pili wa ukuta. Mzee akateremsha gitaa lake mwenyewe, akampa binti.

"Piga. Nataka kuuona mkono wako."

Mkono wa binti ulikuwa mwepesi, ukigusa nyuzi kama unaopapasa mshipa wa mgonjwa. Haukufanana hata chembe na wa baba yake. Rithim aliutazama mpaka mwisho, akalilaza gitaa jekundu mezani juu ya taulo, akachukua koleo. Alizikata nyuzi moja baada ya nyingine. Akafunga mpya, akashusha daraja, akalegeza kile chuma cha shingo robo ya mzunguko. Uzi wa tatu aliukaza mpaka mahali pake pa haki.

Alipochomeka waya na binti akapiga, muuza simu alichungulia mlangoni. "Kumbe lina sauti!"

"Jumamosi tunapiga, baba mdogo. Njoo na lako."

"Tutaona, mwanangu." Akalifunga kwenye mkoba wake. "Mvua zikianza, nirudishie niikague shingo."

Siku chache baadaye afisa alirudi, akakuta msumari mtupu pale gitaa jekundu lilipokuwa likining'inia. Alisikitika, na nadhani alisikitika kwa dhati. "Hakuna kingine cha marehemu kilichobaki, mzee wangu? Hata kitu kidogo cha kuweka kwenye kioo?"

Mfukoni mwa koti, Rithim alikuwa ameshika nyuzi kuukuu, zimekunjwa duara, zenye alama za freti pale Solo alipozibana.

"Hakuna," alisema.

Jioni ile alipiga rithim kama kawaida. Alifungua nafasi, akasubiri, akazunguka tena. Upande wa pili wa ukuta hakuna aliyeuliza wimbo unaanza lini.